Mdogo Wangu Mtengeneza Filamu

Mdogo wangu Verlyn Skogen aliamua kuwa mtengeneza filamu mwaka ule duka la vipuri vya matrekta lilipofungwa na wenye duka wakamrudisha nyumbani na keki na saa ya ukutani. Alikuwa anakaribia miaka sitini, ana magoti mabovu, na maishani mwake hakuwahi kupiga picha ya harusi ambayo watu wote walikuwa na vichwa. Watu wengine wakiachishwa kazi hapa mjini kwetu Kvam hununua mashua ya kuvulia samaki, au hunywa. Angekunywa ningemwelewa.

Shule hakwenda. Shule ya nini, alisema, na dunia nzima imo ndani ya kompyuta? Basi akajifungia katika chumba cha chini ya nyumba majira yote ya baridi, anatazama video za mafunzo. Mwalimu wake mkuu alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, anaishi sijui wapi, na kila somo alilianza kwa kusema kwamba wewe unayemtazama ni msanii, ila hujajijua tu. Verlyn alilimeza hilo zima zima. Hakuna mtu aliyewahi kumwita msanii. Sisi tulimwita Verlyn.

Kila somo liliishia kwenye kitu cha kununua. Leo lenzi, kesho maiki yenye manyoya, kesho kutwa chombo cha kushikia kamera isitetemeke, ingawa aliyekuwa anatetemeka ni yeye. Makasha ya karatasi yalirundikana mlangoni mpaka mke wake, wifi yangu Marlys, akawa anaingilia mlango wa nyuma. Ukimwuliza filamu iko wapi, anakuambia bado anajifunza mwanga.

Miezi ya kwanza alirekodi kikombe cha kahawa. Si kwamba aliwarekodi watu wakinywa kahawa. Alirekodi kikombe, na mvuke ukipanda polepole, kwa sababu alikuwa amegundua kitufe cha kupunguza mwendo na hakuweza tena kuvumilia kitu chochote kinachokwenda kwa kasi ambayo Mungu alikipa. Mbele kikombe, nyuma ukungu mtupu. Huo ukungu ndio uliomlevya. Alipomaliza vikombe akamrekodi Marlys, akamkaribisha mezani aone. Pua ilionekana sawasawa. Vilivyobaki vyote vilikuwa moshi.

"Masikio yangu yako wapi?" Marlys akauliza.

"Hiyo ndiyo sinema, Marlys. Jicho la mtazamaji linaongozwa."

"Linaongozwa kwenye pua?"

Kisha akanunua droni. Siku ya kwanza ilipaa juu ya ghala la nafaka, ikageukia magharibi, ikaenda zake. Tunadhani ilifika jimbo jirani la Dakota Kaskazini. Verlyn alisimama barabarani na kidude cha kuongozea mkononi akiitazama inavyopotea, na hata wakati huo, nakuapia, alisema mawingu ya siku ile yalikuwa na umbile zuri.

Lililonichosha zaidi ni maneno. Mtu niliyembadilishia nepi akaanza kuniambia kwamba mwanga wa leo ni mgumu. Kwenye chakula cha mazishi ya jirani yetu Orville alimwinamia mjane, tukadhani anampa pole. Kumbe alikuwa anamwambia abaki pale pale, mwanga wa dirisha unampenda. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali mpaka nje.

Kulikuwa na mafunzo mawili aliyoyashika kama amri. La kwanza: watu wakiona taa nyekundu ya kamera hukakamaa, kwa hiyo taa izibwe kwa tepu nyeusi. La pili: msanii wa kweli hataki skrini iliyojaa alama na namba, anataka picha safi, kwa hiyo alama zote zifutwe. Yote mawili aliyafanya siku hiyo hiyo, akajiona amehitimu. Kijana mwenye ndevu hakumwambia, au alimwambia na yeye akaruka, kwamba ukishaziba taa na kufuta alama, huna tena njia ya kujua kama kamera inarekodi au imelala.

Upuuzi huu wote haukuwa na madhara mpaka Marlys alipomwomba kazi.

Mama yake Marlys, Bi Ardis Tollefsrud, alikuwa amepita miaka tisini na aliishi peke yake katika nyumba ya shamba, maili chache nje ya mji. Marlys alikwenda kwake kila siku, asubuhi na jioni. Mama Ardis alikuwa amekwisha kusema, tangu mumewe afe, kwamba nyumba ile atatoka akiwa amebebwa. Lakini alikuwa na mtoto mwingine, Duane, aliyehamia Arizona zamani kucheza gofu, na Duane alikuwa na mawazo. Mama ahamishiwe makao ya wazee. Nyumba ifungwe. Shamba liuzwe wakati bei ni nzuri. Alikuwa na haki ya kuyafanya hayo yote, kwa sababu baba yao, Mungu amrehemu, aliamini kwamba karatasi ni mambo ya wanaume, akaandika kila kitu kwa jina la Duane.

Marlys akamwambia kwa simu kwamba mama ni mzima, akili zake zote zipo. Duane akajibu kwamba yeye haamini hadithi.

"Nionyeshe," akasema. "Ile sala ndefu ya chakula, ya Kinorwe. Mnirekodie mama akiisema yote bila kusaidiwa. Akiweza, nanyamaza. Akishindwa, Krismasi namhamisha."

Ile sala, ya lugha ya babu zetu, mama Ardis peke yake ndiye aliyeijua mpaka mwisho. Sisi wengine tulijua mstari wa kwanza na amina. Kila mwaka aliisema kwenye karamu yetu ya lutefisk, na mwaka ule ilikuwa karamu ya mwisho, maana kanisa lilikuwa linafungwa mwisho wa mwaka kwa kukosa watu.

Marlys ni mtu wa maneno machache, na kwetu ukiitwa mtu wa maneno machache ujue karibu wewe ni bubu. Siku ile alisema mengi. "Kitu kimoja tu, Verlyn. Mrekodi mama akisali. Uso wake wote, na masikio. Usiniletee kikombe."

Verlyn akavimba. Hatimaye alikuwa na kazi ya kweli. Akanichukua mimi nimshikie fimbo ya maiki, kwa sababu mwalimu alisema sauti ni nusu ya filamu na mimi sikuwa na kisingizio.

Siku ya karamu tulianza asubuhi katika jiko la ukumbi ulio chini ya kanisa. Lutefisk, kwa asiyebahatika kuila, ni samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi mpaka akawa laini na kutetemeka kwenye sahani, na harufu yake huingia kwenye makoti na kukaa huko mpaka Pasaka. Tunamla na siagi iliyoyeyushwa, viazi, na lefse, yaani chapati nyembamba za viazi, na hakuna anayesema kama ni mtamu. Wanawake walikuwa wamejaa jikoni, sufuria zinachemka, na katikati yao Verlyn na miguu mitatu ya stendi, kila mguu ukimtega mtu.

"Verlyn," akasema Borghild, ambaye ndiye aliyekuwa anachemsha samaki na ana mdomo kuliko sisi wote, "ukinielekezea tena hilo dude nakutia sufuriani. Hutahitaji hata kulowekwa."

"Bi Borghild, nahitaji tu useme karamu hii ina maana gani kwako."

"Ina maana miguu yangu inaniuma."

"Sema hivyo hivyo, lakini kwa hisia. Dada, inua maiki. Tayari? Anza!"

Mara Borghild akanyooka, akaunganisha mikono tumboni, na kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kodi akasema kwamba lutefisk ni utamaduni wetu tuliorithi kwa wazee. Verlyn akasema kata. Na hapo hapo Borghild akarudi kwenye kumsema mke wa pasta na viazi vyake vibichi, kwa ufasaha wa kukuvunja mbavu. Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Akisema anza, wote wanageuka mbao. Akisema kata, wanafufuka.

"Dada, maiki inashuka."

"Mikono ndiyo inayoshuka, Verlyn. Ungenunua na mikono kwa huyo mwenye ndevu."

Mama Ardis alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, anakoroga siagi. Amevaa aproni yake nyeupe na bruchi ya fedha. Watu walipita wakimsalimu, naye akawajibu ndiyo, au hapana, au eh. Kwetu hayo ni mazungumzo kamili. Nilimwona mzima kabisa. Nilijisemea kwamba Duane ana roho ya fisi, anataka kumzika mtu anayekoroga siagi.

Kabla wageni hawajafunguliwa mlango, Verlyn alimweka mama karibu na dirisha dogo la ukumbi, akahangaika na mwanga, akasogeza kiti, akakirudisha palipokuwa. Marlys akaomba apewe nafasi amchane mama nywele. Alisema afadhali mimi niende nikanywe kahawa, mikono ipumzike. Maiki niiegemeze tu ukutani. Nilikwenda, na Verlyn pia akaondoka kutafuta waya wake. Tuliporudi nywele zilikuwa zimechanwa vizuri, na Marlys alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyuma kidogo ya kamera, pale ambapo mama yake angeweza kumwona.

"Tayari, mama? Anza!"

Mama Ardis akasema sala yote, mstari hadi mstari, hakusita hata mahali pamoja. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikupotea njia. Borghild alitoka jikoni na kijiko mkononi, akasimama, akajifuta macho kwa aproni. Mimi nilishika fimbo ya maiki na kwa mara ya kwanza mikono haikuniuma. Verlyn aliposema kata alikuwa analia, na nikafikiri, haya, hata mjinga anaweza kuokota almasi.

Kesho yake mchana, baada ya ibada, aliniita kwake tutazame. Marlys alikuwa kwa mama yake. Verlyn alikuwa amepanga viti viwili mbele ya kompyuta, amefunga mapazia, amenitilia hata kahawa. Akabonyeza. Ikatokea sakafu.

Sakafu, kisha viatu vya Verlyn, kisha sakafu tena, na sauti ya Borghild ikisimulia viazi vya mke wa pasta. Halafu tukasikia, "Tayari? Anza!" na picha ikakatika. Picha iliyofuata ilianza na "Kata!" na Borghild akigeuka mtu.

Verlyn alifungua nyingine. Vivyo hivyo. Akafungua nyingine. Nilielewa kabla yake, na nilianza kucheka. Asubuhi ile alikuwa amebonyeza kitufe kujaribu kamera, akasahau kwamba amekibonyeza. Kwa hiyo kila alipodhani anaiamsha, alikuwa anailaza; kila alipodhani ameilaza, ilikuwa macho inamtazama. Hakuna taa nyekundu ya kumwonya, ameiziba. Hakuna alama kwenye skrini, amezifuta. Siku nzima ya kazi, na hakuna hata "anza" moja iliyoingia.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Alikuwemo yeye akijikwaa kwenye stendi yake. Nilikuwemo mimi nikimwambia Borghild kwamba mama yetu alimwangusha Verlyn utotoni na sasa matokeo yameanza kuonekana. Borghild alikuwa anasema ana hakika kamera ile ni kopo tupu. "Msanii!" nikamwambia. "Mpelekee mwalimu wako! Mwambie umevumbua filamu ya sakafu!"

Yeye alikuwa anafungua picha ya dirishani, ile aliyoisubiri, na uso wake ulikuwa umemshuka kwa sababu alishajua sala haimo.

Sala haikuwamo. Alikuwamo mama Ardis kwenye kiti chake, mwanga wa dirisha ubavuni, uso wake wote na masikio, na Marlys ameinama juu yake na kitana. Maiki niliyoiegemeza ukutani ilisikia kila kitu.

"Tuseme tena, mama. Nifuate." Marlys akasema mstari mmoja wa Kinorwe sikioni mwake, pole pole.

Mama Ardis akaurudia.

"Halafu?" akauliza.

Marlys akasema wa pili. Mama akaurudia. Kisha akamgeukia, akamtazama kwa adabu, jinsi unavyomtazama mgeni aliyekaa karibu nawe kwenye basi.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Ardis."

"Ardis yupi?"

"Ardis Tollefsrud, mama."

"Namjua huyo," akasema mama Ardis. "Mkali sana."

"Mkali," Marlys akakubali, akiendelea kuchana. "Tuseme tena. Ukikwama niangalie mimi mdomoni, nitakuwa chini pale. Usimwangalie Verlyn."

"Atakuja kunichukua?"

"Nani?"

"Huyo Ardis. Anipeleke nyumbani."

"Atakuja. Tukimaliza sala."

Wakaanza upya. Mstari kwa mstari, kama mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara. Kisha ikasikika sauti ya Verlyn, mchangamfu kabisa, "Tayari, mama? Anza!" na giza.

Kicheko changu kilikuwa kimeisha zamani. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Sikujua. Wewe?"

"Ningejulia wapi? Anasema eh na hapana, kama sisi wote."

"Amenificha hata mimi," akasema. "Kila siku anakwenda kule asubuhi na jioni, nikadhani anampelekea supu."

Nilikuwa wa kwanza kupata wazo, na si wazo la kujivunia. Nikamwambia, "Si umejifunza kukata? Mtoe Marlys, mbakize mama. Unganisha mistari. Duane atapata sala yake."

Alijaribu. Alikaa pale mpaka kahawa ikawa ya baridi, anakata na kuunganisha, na lazima niseme mikono ile mizito ilikuwa imejifunza kitu kweli kule chini, maana sauti ya Marlys iliondoka kidogo kidogo na mistari ikashikana. Kisha akaicheza. Sala ilikuwa nzima. Lakini macho ya mama Ardis yalikuwa yanakimbia kando, kila mwisho wa mstari, yanamtafuta mtu. Verlyn aliirudisha, akaitazama tena. Mtu yeyote angeona. Hata Duane angeona.

"Macho hayakatiki," akasema.

Akachagua picha zote, za sakafu, za viatu, za Borghild, za mama Ardis, akazifuta. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, kwa sauti, kana kwamba inasikia. Kisha akatoa na kadi ya kamera, akaivunja kwa koleo la fundi.

"Utamwambia nini Duane?"

"Nilisahau kubonyeza kitufe."

"Watakucheka mpaka ufe, Verlyn."

"Si wananicheka tayari?" Akaokota vipande vya kadi mezani kimoja kimoja. "Nikisema picha imeharibika, Duane atataka nimtumie hizo zilizoharibika. Nikisema mama hakutaka, atajua. Lakini nikisema mimi ni mpumbavu, nani atauliza zaidi?"

"Na Marlys?"

"Marlys ndiye asijue kabisa. Alikuwa anaficha kwa nguvu zake zote, LaVonne. Mimi ndiye niwe wa kumwambia ameonekana?"

Nilimpenda mdogo wangu wakati ule, na ilinikera, maana nilikuwa sijajiandaa.

Jioni Marlys alirudi akauliza iko wapi. Akamwambia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka, lakini jirani yao, ambaye hajawahi kusikia sauti ya Marlys ikivuka ukuta, aliisikia siku ile. Kitu kimoja nilikuomba. Vikombe umerekodi. Mvuke umerekodi. Mama yangu! Jirani akaniambia Verlyn alikuwa anasema tu ni kweli, ni kweli.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwenye kahawa baada ya ibada, ukumbini pale pale, harufu ya samaki ingali kwenye mapazia. Mama Ardis alikuwa na mafua, amebaki nyumbani na mtu. Duane hupiga simu wakati huo kwa sababu anajua dada yake hawezi kumtukana mbele ya pasta. Marlys akaweka simu katikati ya meza, sauti wazi, na uso wake ulikuwa mweupe.

"Haya, video iko wapi?" Duane akauliza. "Wiki nzima nasubiri."

Verlyn akasafisha koo. "Hakuna, shemeji. Nilisahau kubonyeza kitufe."

Vichwa vikageuka ukumbini.

"Ulisahau nini?"

"Kubonyeza. Siku nzima. Nilidhani inarekodi."

Sauti ya Duane ikabadilika. "Subiri kwanza. Siku nzima? Hakuna hata kipande? Marlys, kuna jambo mnanificha?"

Nilimwona Marlys anaitazama simu kana kwamba itamwuma. Nikaona pia pasta ameinua macho kutoka kwenye kikombe. Basi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko nilivyocheka siku ile mbele ya kompyuta, nikapiga meza, nikaiinamia simu.

"Duane, hujui unaongea na nani! Huyu ni Verlyn! Huyu ndiye aliyerusha droni ikahama nchi! Nimemshikia fimbo ya maiki tangu asubuhi mpaka jioni, mabega yameng'oka, kumbe namshikia kopo tupu!"

"Kopo! Si nilisema?" Borghild akapaza sauti kutoka meza ya pili. "Nami nilivaa bruchi yangu!"

Ukumbi wote ukalipuka. Mtu akauliza kama Verlyn hukumbuka kuvua suruali aendapo chooni. Mwingine akasema ampigie simu yule mwenye ndevu adai arudishiwe ujana wake. Verlyn alikaa katikati yao, masikio mekundu, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Kutoka kwenye simu tulimsikia Duane naye akicheka mpaka akakohoa.

"Na mama aliisema sala?" akauliza alipopata pumzi.

"Aliisema yote," nikasema. "Borghild alilia kwenye siagi." Na hilo lilikuwa kweli. "Lakini usituamini sisi. Njoo mwenyewe uone. Njoo Januari, nitakuwekea koleo zuri la kuzolea theluji."

"Wewe LaVonne una wazimu. Nitakuja barafu ikiyeyuka."

"Kama utakavyo," nikasema. Marlys akakata simu. Alimtazama mumewe kwa dharau ambayo sijawahi kumwona akimtazama nayo mtu yeyote, akainuka, akaenda kuosha vikombe. Verlyn aliitazama meza. Mimi nikala keki yangu, kwa sababu ilibidi mtu aendelee kula.

Mama Ardis alikufa Februari, nyumbani kwake, kitandani kwake, Marlys akiwa amekaa kando akimchana nywele. Akatoka katika nyumba ile amebebwa. Duane aliruka na ndege kuja kuzika, amevaa koti la kuazima, anatetemeka.

Makaburini, ardhi ilikuwa imeganda na upepo unakata, na pasta alipomaliza Duane akamwendea mdogo wangu, akampiga begani mbele ya watu wote.

"Vipi, msanii," akasema, "leo umekumbuka kubonyeza?"

Watu wawili watatu wakacheka. Marlys hakugeuka hata kumtazama mumewe. Mpaka leo hajui, na akija kujua ni kwa sababu mimi nimeshindwa kunyamaza. Verlyn akavuta kofia yake masikioni.

"Sikuileta kamera, shemeji," akasema, akachukua koleo amsaidie mchimba kaburi.